Watoto Watatu wa Ujiji na Makumbusho ya Dar es Salaam

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto wangu Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, mkubwa wao, Rashidi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10 na ana tabia ya kuhesabu kila kitu kuanzia nguzo za umeme hadi mabehewa, alihesabu pia maneno yangu. Jioni, tukiwa tumeketi barazani kwa shemeji yangu Temeke tukisubiri chakula, alitangaza matokeo mbele ya wenyeji wetu: ndani ya saa tatu nilikuwa nimesema "usiguse" mara 31, "njoo huku" mara 18, na "soma hapa" mara ambazo yeye mwenyewe alichoka kuzihesabu. Zuhura, anayemfuata, alipoulizwa na mama yake mdogo ameona nini huko, alifikiri kidogo akajibu kuwa ameona feni kubwa. Idi, wa miaka minne, hakuulizwa kwa sababu alikwishalala, kama alivyolala kulekule makumbusho, begani kwangu, tangu kabati la pili.

Makumbusho hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Mimi ni karani bandarini Kigoma na tunaishi Ujiji. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200, nyusiku mbili ndani ya behewa, watoto wakila mayai na karanga za stesheni na kulala miguu ya huyu ikiwa kichwani kwa yule. Mtu aliyelipa nauli ya watu watano kwa mwendo wa namna hiyo, kisha akalipa kiingilio mlangoni, hushikwa na uchoyo wa ajabu: hutaka kuona kila kilichopo, na hutaka wanawe wakione, wakielewe na wakikumbuke. Kiingilio chenyewe kwa Mtanzania si kikubwa, na cha mtoto ni kidogo zaidi, lakini mimi nilikuwa nadai kirudi pamoja na nauli ya treni.

Tulifika saa sita na nusu mchana, saa ambayo nyumbani watoto wangu huwa wanakula, siku moja tu baada ya kushuka treni, miguu bado imevimba. Nikawapitisha ukumbi baada ya ukumbi nikiwasomea maelezo ya ukutani tangu mstari wa juu hadi wa chini, na yale ya Kiingereza nikiyatafsiri palepale kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa darasa la saba angekikana. Tulipotoka, Zuhura alikuwa akilia kwa njaa na mimi nilikuwa nimekasirika, kana kwamba njaa ya saa tisa na nusu mchana ni utovu wa adabu.

Mama Rashidi hakusema lolote siku ile. Alisema tukiwa kwenye treni ya kurudi, tumeshaipita Morogoro, watoto wamelala. "Baba Rashidi, umewasafirisha hawa nyusiku mbili kwenda kuona makumbusho, na hata pale kwenye miembe hujawahi kuwapeleka." Sikuwa na jibu. Makumbusho ya Dk. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, yapo chini ya miembe hiyo hapa Ujiji, mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwetu. Wageni hutoka Uingereza na Marekani kuja kupiga picha pale, na sisi tunaoishi jirani tulikuwa tunapajua kama mahali pa kivuli.

Tuliporudi nilianza kuwapeleka pale, Jumamosi moja kila mwezi, kwa sharti tulilolipanga na mama yao: dakika 20 ndani, kisha nje chini ya miembe, na kila mtoto achague kitu kimoja tu cha kwenda kumsimulia bibi yake. Mengi niliyojifunza kuhusu kutembea na watoto makumbusho niliyapata hapo, katika jengo ambalo mtu mzima mwenye haraka analimaliza kwa robo saa.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtoto hukiendea pale ni zile sanamu mbili za Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, zikiamkiana kwa kofia. Idi alizizunguka mara mbili kisha akauliza kwa nini hazishikani mikono kama watu. Nilianza kueleza historia ya Waingereza na kofia zao, nikajizuia. Nikamwuliza yeye: wewe ukikutana na mgeni unafanyaje? Akasema anatoa shikamoo. Basi tukatoa shikamoo kwa sanamu, na mzee anayeongoza wageni akaitikia "marahaba" kwa niaba yao. Tangu siku hiyo Idi haendi pale bila kuziamkia.

Zuhura aliuliza swali zito zaidi. Alitaka kujua kwa nini wapo wawili tu, ilhali picha za ukutani zina watu wengi. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo tangu shule ya msingi, tarehe 10 Novemba 1871 na maneno ya kuamkiana yaliyopata umaarufu, na sikuwahi kujiuliza. Mzee yule akamwambia kuwa kabla Stanley hajamfikia Livingstone alilakiwa njiani na mtu wa Livingstone anayeitwa Susi, aliyekimbia kurudi kumpa bwana wake habari kwamba kuna mgeni anakuja. Zuhura akauliza sanamu ya Susi iko wapi. Mzee akacheka, akasema, "Hilo uliza wakubwa, mwanangu." Jioni, bibi yao aliposimuliwa, hakusikia habari za Livingstone hata kidogo, alisikia habari za mtu anayeitwa Susi anayekimbia kwenye vumbi la Ujiji.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa mtoto huingia kwenye historia kwa mlango wake mwenyewe, na mara nyingi ni mlango wa uani. Mzazi anayesimama mlango wa mbele akiwa na tarehe mkononi atasubiri sana.

Rashidi, yeye, alikamatwa na hesabu. Alisikia kwamba Livingstone aliishi karibu na ufuko, naye alijua kwa miguu yake kuwa kutoka kwenye miembe hadi majini kuna mwendo. Kwa hiyo ama mzee anadanganya, ama ziwa limehama. Nilimwahidi jibu na ilinichukua wiki mbili kulipata: katika miaka ile kiwango cha Ziwa Tanganyika kilikuwa juu zaidi, kwa sababu njia yake ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, ilikuwa imeziba kwa mchanga na mimea, mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalikivunja kile kizibo, na ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Sisi watu wa bandarini tunaopiga kelele kila maji yanapopanda na kumeza gati tungepaswa kuijua habari hii kuliko wengine wote. Nilijifunza kutokana na mtoto wa miaka 11.

Siku nyingine nilimchukua bandarini na kumwonyesha Liemba kwa namna ileile: si kumsomea, bali kumwachia swali. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya; mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuipaka injini grisi ili isiliwe na kutu, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Swali nililomwachia lilikuwa moja: mtu anayezamisha meli yake, grisi ni ya nini? Alilala nalo. Asubuhi akaniambia, "Baba, walitaka kurudi."

Tulipopanga safari ya pili ya Dar es Salaam, baada ya mwaka na nusu, tulianza maandalizi nyumbani mwezi mzima kabla. Nilichagua vitu viwili tu. Cha kwanza ni nakala ya nyayo za Laetoli, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita na viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Cha pili ni Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Bonde la Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75. Kwa nyayo, nilikata mfuko wa saruji nikatoa umbo la unyayo wa sentimita 18, urefu unaokaribia ule wa nyayo ndogo za Laetoli, na watoto wakapimana. Unyayo wa Idi, aliyekuwa ametimiza miaka mitano na nusu, ulipungua kidogo. Wa Zuhura ulipita. Kile kipande cha karatasi kilisafiri nasi kwenye treni kikiwa kimekunjwa ndani ya daftari la Rashidi, na sijawahi kuona tiketi ikitunzwa vile.

Kwa fuvu tulitumia muhogo. Niliwapa kila mmoja kipande cha muhogo mbichi, nikawaambia waweke vidole pande zote mbili za kichwa, juu kidogo ya masikio, kisha watafune. Kitu kinachocheza chini ya vidole ni msuli wa kutafunia. Kwetu sisi msuli huo unaishia pembeni mwa kichwa. Zinjanthropus alikuwa na taya na magego makubwa mno, na misuli yake ilipanda hadi utosini, ikajishikiza kwenye ukingo wa mfupa uliosimama kama mgongo wa samaki. Watoto walitafuna muhogo mpaka mama yao akalalamika kuwa cha kupika hakitabaki.

Safari hii tulipumzika siku mbili kwanza. Tukafika mlangoni asubuhi, watoto wameshiba chapati na chai, na tulipita chooni kabla ya kitu kingine chochote. Nalitaja hili la choo kwa makusudi, maana nimeona baba zaidi ya mmoja akikimbia na mtoto mikononi katikati ya maelezo ya mwongozaji.

Zuhura alipofika mbele ya fuvu hakusoma chochote. Aliweka vidole pande za kichwa chake, akatafuna hewa, akaangalia ule ukingo wa mfupa utosini, akatafuna tena. Mgeni mmoja aliyekuwa pembeni alimtazama kwa mashaka, kisha naye taratibu akapeleka vidole kichwani. Mwongozaji alituongezea jambo ambalo sikuwa nalijua: kiumbe huyu alipewa jina la utani la Mvunja Kokwa kwa ajili ya meno yale, lakini uchunguzi wa baadaye wa mikwaruzo ya meno yake na kemikali zilizomo umeonyesha kuwa chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. "Kumbe kama mbuzi wa bibi," alisema Idi kwa sauti iliyojaa ukumbi.

Kwenye nyayo Rashidi alitoa karatasi yake. Hakugusa, aliishika juu ya nakala, kwa umbali wa kiganja, akafumba jicho moja. Akaandika kitu kwenye daftari na akakataa kunionyesha. Tulikaa ndani saa moja na dakika 20, pamoja na muda tulioupoteza kwenye magari ya zamani ya viongozi, likiwemo la Rolls-Royce lililotumiwa na magavana wa kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Nimesema "tulioupoteza", lakini ninasema uongo. Ni mimi niliyesimama pale muda mrefu kuliko wote. Kumbi nyingine nyingi hatukuziingia kabisa. Niliumia kidogo nilipozipita, sifichi.

Palikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimelitayarisha. Kwenye eneo la makumbusho kuna kumbukumbu ya mlipuko wa bomu katika ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998, na watoto waliikuta kabla yangu. Idi aliuliza nani aliharibu. Zamani ningemwambia twende zetu, atajua akikua. Lakini Ujiji nilikwishajifunza jambo hili kwenye habari za utumwa, ambazo hazikwepeki katika mji ambao misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilianzia kuelekea Bagamoyo: jibu fupi na la kweli humtosha mtoto, na jibu la kukwepa humfanya aulize usiku. Nikamwambia kuna watu walitega bomu ili kuua watu wasiowajua, na wengi walioumia walikuwa watu wa kawaida waliokuwa kazini au wakipita njia. Akauliza kama walikamatwa. Nikamwambia baadhi yao. Akanyamaza, akanishika mkono, tukakaa kivulini kunywa maji. Hakuliuliza tena, ingawa siku hiyo hakutaka kutembea mbali nami.

Kijiji cha Makumbusho tulikiwekea siku yake, na ningemshauri yeyote mwenye watoto wadogo aanze na huko. Kwenda kwenyewe ni burudani, maana konda wa daladala anapiga kelele "Makumbusho! Makumbusho!" na watu wanagombea kupanda, mpaka Idi akaamini kuwa Dar es Salaam nzima inakwenda kuangalia vitu vya kale. Ilibidi tumweleze kwamba ni jina la stendi tu, na wengi wa wale wanakwenda kubadili gari.

Pale nyumba za makabila zimejengwa nje, chini ya anga, na mtoto anaingia, anainama, anatoka upande wa pili. Siku nzima sikusema "usiguse" zaidi ya mara tano, Rashidi alithibitisha. Yeye aliganda kati ya msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, akitaka kujua kwa nini watu wa nchi moja wasikubaliane paa liweje. Nilimwuliza Kagera na Dodoma wapi mvua inanyesha zaidi. Alitazama nyasi za msonge zinavyoteremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, akatazama paa bapa la udongo la tembe, akasema kwamba tembe likiletwa Kigoma litadumu mwezi mmoja wa masika. Mama yake alimwambia asizidishe, labda mwezi na nusu.

Wakati wa kurudi tulikatiza safari Tabora kumwona shangazi yangu, na kwa kuwa neno "tembe" lilikuwa bado la moto, tulikodi bajaji hadi Kwihara, lilipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Nilidhani itakuwa ziara ya heshima ya dakika kumi. Lakini mwongozaji alipofika kwenye kifo cha Livingstone, Mei 1873, na jinsi watu wake walivyoukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaubeba kutoka nchi inayoitwa Zambia leo, wakapita Unyanyembe, yaani hapohapo Tabora, hadi wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, alitaja majina ya walioongoza kazi hiyo: Chuma na Susi. Zuhura alinigeukia macho yakiwa makubwa. "Susi wetu?" Mwongozaji hakuelewa, na mimi sikuweza kueleza upesi. Zuhura akamweleza mwenyewe, kwa urefu, shangazi yangu akiwa amesimama mlangoni na mwavuli wake akisubiri kwa subira kubwa, kwamba huyu ni mtu wa kwao Ujiji, yule aliyekimbia kupeleka habari, na hana sanamu.

Tulipofika nyumbani bibi yao alikuwa uani. Kila mmoja alikuwa na kitu chake kimoja kwa mujibu wa sharti, lakini Zuhura alivunja sharti na kuleta viwili. Baada ya kumaliza habari za Susi alisema kwamba kule Kijiji cha Makumbusho ameona kinu na mchi, sawasawa na vya bibi, vimewekwa vitazamwe.

Bibi alimtazama. "Wanaokwenda kuvitazama wanalipa?"

"Wanalipa, bibi. Wazungu wanalipa zaidi."

Mama yangu aliangalia kinu chake, kilichokuwa kimeegemea ukuta wa jiko na kuku amekaa juu yake, akamfukuza kuku. Kisha akamkabidhi mjukuu wake mchi, akaweka fungu la majani ya muhogo ndani ya kinu, akamwambia kisamvu hicho kiwe tayari kabla ya magharibi, na kwamba kugusa kunaruhusiwa.